Kuthibitisha Kipato Pale Rekodi ya Kodi ya Mshahara Inapokosekana

Anayeomba mkopo wa nyumba mjini Kamembe, wilayani Rusizi, huulizwa mambo mawili: ataweka nini rehani, na atalipa kwa kipato gani. Swali la kwanza siku hizi lina jibu jepesi. Uandikishaji wa ardhi uliofanyika kuanzia 2009 hadi 2013 uliipa karibu kila sehemu ya ardhi ya Rwanda namba yake, UPI, na tangu 2023 hati yenyewe imekuwa ya kielektroniki. Benki huiona hati hiyo kwenye kompyuta, huona jina la mwenye kiwanja na la mwenzi wake, kisha huiandikisha rehani kwa msajili mkuu aliye chini ya bodi ya maendeleo ya Rwanda, RDB. Swali la pili ndilo linalowakwamisha watu wa Rusizi, wakiwemo wengi wenye mshahara mzuri.

Wapo wanaodhani kwamba kiwanja chenye thamani kubwa kinalimaliza swali la kipato. Sivyo. Mnada wa mali ya rehani, ambao Wanyarwanda huuita cyamunara, huchukua muda, hugharimu, na mara nyingi huleta bei ya chini kuliko ile iliyoandikwa na mthamini. Benki inayoingia kwenye mkopo ikitegemea mnada imekwisha kupata hasara kabla ya kuanza. Kwa hiyo hati ya kiwanja hufungua mazungumzo tu. Kinachoamua ni ushahidi kwamba kila mwezi zinaingia fedha.

Na ushahidi unaotakiwa ni wa aina fulani. Benki haina haja na kodi yenyewe. Haikusanyi kodi na haifaidiki nayo. Inachotafuta ni maandishi ya mtu wa tatu, asiye na faida yoyote katika mkopo huo, aliyeandika kiasi cha mshahara wakati mshahara ulipolipwa, kabla wazo la kuomba mkopo halijazaliwa. Rekodi ya kodi ya mshahara inakidhi masharti hayo yote kwa mkupuo. Tena hakuna mwajiri anayependa kutangaza mshahara mkubwa kuliko anaolipa, kwa sababu kila faranga anayoiongeza inamletea makato zaidi. Ikikosekana rekodi hiyo, kazi ya mwombaji ni kutafuta shahidi mwingine mwenye sifa zinazokaribia hizo.

Ukali huu una historia. Kabla ya msukosuko wa fedha wa 2008, wakopeshaji wengi wa Marekani walitoa mikopo ya nyumba kwa kipato alichokitaja mwombaji mwenyewe, bila karatasi. Uingereza nayo ilikuwa na mikopo ya namna hiyo, iliyokusudiwa watu waliojiajiri, ikaishia kutumiwa na kila mtu. Mikopo ilipoanza kutolipwa, ikaonekana kwamba vipato vingi vilikuwa vya kubuni. Tangu 2014 nchi zote mbili zinamlazimisha mkopeshaji kuhakiki uwezo wa kulipa. Benki za Rwanda hazikupitia balaa hilo, lakini maswali yao yanafanana na ya huko.

Rekodi inavyozaliwa

Mwajiri nchini Rwanda hupeleka tamko kwa Mamlaka ya Mapato, RRA, kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Wafanyabiashara wadogo wanaweza kufanya hivyo kila robo mwaka. Ndani ya tamko kuna jina la kila mfanyakazi, namba ya kitambulisho chake, mshahara wote kabla ya makato, kodi ya mshahara ambayo wengi bado wanaiita TPR kwa mazoea ya Kifaransa, na michango ya hifadhi ya jamii. RRA ndiyo inayoikusanya michango hiyo kwa niaba ya RSSB, shirika lililoundwa 2010 kwa kuunganisha Caisse Sociale ya tangu 1962 na bima ya afya ya RAMA. Hivyo fomu moja huacha alama katika taasisi mbili. Jambo hili lina uzito mkubwa kwa mwombaji wa mkopo, kwa kuwa hesabu ya michango ya RSSB ni mali ya mfanyakazi mwenyewe. Anaweza kuiona na kuomba nakala yake bila kumpigia mwajiri magoti.

Viwango vyenyewe viliwekwa na sheria ya kodi ya mapato ya Oktoba 2022, iliyoanza kwa hatua. Kwa sasa faranga 60,000 za kwanza za mwezi hazitozwi, kutoka hapo hadi 100,000 hutozwa asilimia 10, hadi 200,000 asilimia 20, na zinazozidi hapo asilimia 30. Mchango wa pensheni uliokuwa asilimia 6 kwa miaka mingi ulipanda Januari 2025 kufikia asilimia 12, nusu kwa mfanyakazi na nusu kwa mwajiri. Mtu anayelipwa chini ya 60,000 hana kodi, lakini jina lake bado linapaswa kuwemo katika tamko. Kutolipa kodi na kutokuwa na rekodi ni mambo mawili tofauti, ingawa waajiri wengine huyachanganya kwa makusudi.

Namna tatu za kukosekana

Afisa mikopo mwenye uzoefu, akiletewa faili lisilo na rekodi ya kodi, hujiuliza kwanza imekosekana kwa sababu gani. Jibu hubadilisha kila kitu kinachofuata.

Kuna rekodi isiyokuwepo kwa sababu sheria haikuidai. Mkulima wa mpunga katika bonde la Bugarama ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi faranga milioni 12 amesamehewa kodi ya mapato ya kilimo. Mchuuzi ambaye mauzo yake hayafiki milioni 2 kwa mwaka hana kodi ya mapato ya kulipa. Watu hawa hawajaficha chochote, na benki inayowanyima mkopo kwa kukosa cheti cha kodi inawaadhibu kwa kutii sheria.

Kuna rekodi ambayo ingepaswa kuwepo lakini mwajiri hakuitengeneza. Hapa ndipo walipo walinzi, wahudumu wa nyumba za wageni kando ya Ziwa Kivu, walimu wa shule ndogo za binafsi, makondakta, mafundi ujenzi na wapakiaji wa malori wanaolipwa taslimu kila Jumamosi. Baadhi yao wana miaka kumi kwa bosi mmoja na hawamo katika tamko hata moja.

Halafu kuna rekodi iliyopo lakini ina kasoro, na hii ndiyo yenye hila kuliko zote, kwa maana mwenyewe kwa kawaida hajui. Tarakimu moja kati ya 16 za kitambulisho imeandikwa vibaya, na michango ya miaka mitatu imeingia kwa mtu mwingine au haina mwenyewe. Miezi minne imerukwa mwaka ambao kampuni ilibadili mhasibu. Au mshahara wa 250,000 umetangazwa kuwa 100,000, na zilizobaki zinatolewa kwenye bahasha kwa jina la posho.

Hesabu ya mfano huo wa mwisho inafaa kufanywa hadi mwisho, kwa sababu wafanyakazi wengi huupokea mpango huo kwa furaha. Mshahara wa 250,000 ukitangazwa wote, kodi ni 39,000 na pensheni ni 15,000. Yakiondolewa na makato madogo ya likizo ya uzazi na bima ya afya ya jamii, zinabaki karibu 194,000. Ukitangazwa wa 100,000, kodi ni 4,000 na pensheni ni 6,000, na mfanyakazi hubaki na 89,000 za karatasi pamoja na 150,000 za bahasha. Mfukoni ana karibu 45,000 zaidi kila mwezi. Mbele ya benki ni mtu wa 89,000. Tuseme benki inaruhusu rejesho la asilimia 40 ya kipato halisi, kwa riba ya asilimia 11 na muda wa miaka 20, ambapo kila milioni iliyokopwa hugharimu karibu 10,300 kwa mwezi. Wa kwanza anaweza kukopa kama milioni 7.5. Wa pili hafikii hata milioni 3.5. Pensheni yake ya uzeeni nayo itakokotolewa kwa 100,000.

Kuisahihisha rekodi

Kwa aina ya pili na ya tatu, njia ya kwanza ya kufikiria ni kuirekebisha rekodi yenyewe. Wengi huiruka hatua hii kwa haraka ya kupata barua yoyote yenye mhuri, nao hukosea.

Mfanyakazi huanza kwa kuchukua taarifa ya michango yake RSSB, kwenye mtandao au katika tawi la wilaya, na kuilinganisha mwezi kwa mwezi na hati za mshahara na taarifa ya akaunti ya benki. Kasoro ya namba ya kitambulisho ndiyo nyepesi kuliko zote: kitambulisho, mkataba na barua ya mwajiri inayokiri kosa kwa kawaida hutosha. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya Oktoba 2021 inampa mtu haki ya kuona taarifa zinazomhusu na kudai zisahihishwe, na inafaa kutajwa katika barua ya maombi pale ofisi inapojivuta.

Miezi iliyorukwa na mishahara iliyopunguzwa huhitaji mwajiri awasilishe tamko la marekebisho, alipe kodi na michango iliyobaki, na juu yake adhabu ya kuchelewa. Ndiyo maana hukataa. Hapo kuna mkaguzi wa kazi wa wilaya, ambaye kwa mujibu wa sheria ya kazi namba 66 ya 2018 husuluhisha mgogoro kabla haujafika mahakamani. Usuluhishi ukishindikana, kesi huenda Mahakama ya Kati ya Rusizi. Sheria hiyohiyo inasema mkataba wa kazi usioandikwa hauwezi kuzidi siku 90 mfululizo. Mwajiri anayesema kwamba fulani alikuwa kibarua tu, wakati fulani huyo amefungua geti lake kwa miaka sita, amejiingiza mwenyewe katika ubaya.

Ukweli unaobaki ni kwamba mtu aliye kazini bado huogopa kumshtaki anayemlipa, na hofu hiyo ina msingi katika mji mdogo ambamo waajiri wanafahamiana. Njia ya kati inayotumika sana ni kuomba tamko liwe sahihi kuanzia mwezi huu, bila kufukua ya nyuma. Benki nyingi huangalia miezi sita hadi kumi na miwili ya mwisho. Mfanyakazi aliyekubaliana na bosi wake Januari anaweza kufikia Desemba akiwa na mwaka mzima wa rekodi safi, hata kama ya miaka iliyopita ilipotea. Atakuwa amepoteza pensheni ya miaka hiyo, na hasara hiyo si ndogo, kwa kuwa pensheni ya kila mwezi hudai miaka 15 ya michango. Lakini nyumba ataipata.

Mashahidi mbadala

Pale marekebisho yasipowezekana, labda kampuni imefungwa au mwenye nayo amehama, ushahidi mwingine hupimwa kwa kigezo kilekile: nani aliandika, lini, na alikuwa na sababu gani ya kuandika.

Taarifa ya akaunti inayoonyesha kila mwisho wa mwezi uhamisho kutoka akaunti ya mwajiri, kwa jina lake, ndiyo inayokaribia zaidi rekodi ya kodi. Aliyeiandika ni benki, na aliiandika siku fedha zilipoingia. Hati za mshahara zinazooana na miamala hiyo hadi faranga ya mwisho huiimarisha. Hati za mshahara peke yake, zisizo na muamala unaolingana nazo, hazina nguvu hata nusu ya hiyo, maana kompyuta yoyote inaweza kuzichapa.

Fedha taslimu alizoweka mfanyakazi mwenyewe kila mwezi zina nafasi ya pekee. Zinathibitisha kwamba fedha zilikuwepo, bila kusema zilitoka wapi. Afisa mikopo atauliza kama si fedha za ndugu, au mzunguko wa faranga zilezile zinazotolewa Jumatatu na kurudishwa Ijumaa. Mkataba wa kazi wenye kiasi kilekile huondoa sehemu ya shaka hiyo. Malipo ya mshahara kwa simu, kama mwajiri alituma kwa MoMo kutoka namba ya biashara yake, ni bora kuliko taslimu, na taarifa ya miamala huombwa kwa kampuni ya simu.

Barua ya mwajiri iko chini kabisa ya ngazi, japo ndiyo inayokimbiliwa. Imeandikwa kwa ombi la mkopaji, siku ya mkopo, na mtu anayeweza kuwa shemeji yake. Hupata uzito ikiwa na namba ya mlipakodi ya mwajiri, tarehe ya kuanza kazi, cheo, mshahara kabla na baada ya makato, na namba ya simu ambayo benki ikipiga itapokelewa na mtu mwingine asiye mwandishi. Cheti cha kazi, ambacho sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka, kina faida ya kuwa kiliandikwa zamani. Kiapo mbele ya notari kinathibitisha kwamba mtu alisema jambo, basi. Na karatasi ya ofisi ya serikali ya mtaa, akagari au umurenge, inaeleza mtu anaishi wapi. Haiwezi kueleza anapata kiasi gani, hata ikigongwa mihuri mitano.

Shahidi mmoja husahauliwa: historia ya madeni. Rwanda ina ofisi ya taarifa za mikopo tangu 2010, ambayo sasa inaendeshwa na TransUnion, na benki na SACCO hupeleka huko taarifa za wakopaji wao. Mtu aliyekopa 600,000 za pikipiki na kuzirejesha bila kuchelewa ameacha maandishi ya mtu wa tatu kuhusu uwezo wake, hata kama hakuna aliyewahi kutangaza mshahara wake.

Wakulima na wafanyabiashara

Mkulima wa Bugarama hana mshahara, ila ana ushirika. Daftari la ushirika linaonyesha kilo za mpunga alizoleta kila msimu na bei iliyolipwa, na malipo hupita kwenye SACCO. Maandishi hayo mawili, ya mnunuzi na ya mlipaji, yakioana kwa misimu minne, yaani miaka miwili, yana nguvu kuliko barua nyingi za ofisini. Chai ya upande wa Shagasha ina nafuu zaidi, kwani majani mabichi huchumwa mwaka mzima, ilhali kahawa huingiza fedha kwa msimu mmoja na kumwacha mkulima mkavu miezi inayobaki. Mkopo unaodai rejesho sawa kila mwezi haumfai mtu wa kahawa, na anayeusaini kwa matumaini hujikuta kwenye orodha ya wadaiwa sugu ifikapo Novemba. Ni heri kuomba marejesho yafuate mavuno.

Kwa mfanyabiashara mdogo, kodi inarudi kwa mlango mwingine. Mwenye mauzo ya milioni 2 hadi 4 kwa mwaka hulipa faranga 60,000, wa 4 hadi 7 hulipa 120,000, wa 7 hadi 10 hulipa 210,000, na wa 10 hadi 12 hulipa 300,000. Kutoka hapo hadi milioni 20 hutozwa asilimia 3 ya mauzo. Kila stakabadhi kati ya hizo inasema jambo kuhusu ukubwa wa biashara, na mashine ya stakabadhi ya EBM, iliyoanza kutumika 2013, inasema zaidi, maana ina kila ankara. Matatizo huanza pale mwenye duka anapotangaza kwa RRA mauzo ya milioni 4 ili alipe 60,000, kisha anaiambia benki anauza milioni 11. Karatasi zote mbili zitawekwa juu ya meza moja, na benki itaamini ile ndogo.

Ikumbukwe pia kwamba mauzo si kipato. Mama anayepeleka nyanya, samaki na unga Bukavu kwa faranga 100,000 kwa siku huenda anabaki na 6,000. Daftari la manunuzi na mauzo, hata la mkono, likiandikwa siku kwa siku kwa wino tofauti na likiwa na madoa yake, humsaidia afisa mikopo kukisia faida. Daftari safi lililoandikwa lote kwa kalamu moja jana usiku linajulikana kwa kutazama tu.

Mshahara wa ng'ambo ya daraja

Rusizi ina watu wanaolala Rwanda na kulipwa Kongo. Madaraja ya Rusizi I na Rusizi II yanaiunganisha Kamembe na Bukavu kwa mwendo wa dakika chache, na kusini zaidi Bugarama inapakana na Kamanyola. Walimu, wauguzi, mafundi na wahudumu wa hoteli wamevuka hapo kwa miongo kadhaa. RRA haina alama yao katika tamko la mwajiri yeyote, na hilo si kosa la mwajiri wa Bukavu, ambaye deni lake la kodi ya mishahara liko kwa serikali ya Kongo na la michango liko kwa CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Kongo, mrithi wa INSS ya zamani.

Mfanyakazi wa namna hii ana milango mitatu. Anaweza kuleta hati ya michango ya CNSS. Mkataba wa hifadhi ya jamii uliotiwa saini 1978 kati ya Rwanda, Burundi na Zaire ya wakati huo, chini ya jumuiya ya CEPGL, ulikusudia hasa kwamba miaka ya michango ya nchi moja isipotee katika nchi nyingine. Kwa pensheni mkataba huo una maana kubwa. Kwa benki, hati hiyo ni ushahidi wa kawaida ambao hauna jinsi ya kuhakikiwa kwa kubofya. Anaweza pia kutangaza mwenyewe kipato hicho RRA, kwa kuwa mkazi wa Rwanda kikodi hutakiwa kutangaza mapato yake ya kokote duniani, na kodi aliyolipa nje huzingatiwa. Wachache hufanya hivyo, lakini anayefanya hutengeneza kwa mkono wake rekodi aliyoikosa. Mlango wa tatu ni kupitisha mshahara katika akaunti ya Rwanda kila mwezi, ukiwa na mkataba wa Bukavu pembeni. Kama analipwa dola, benki itaubadili kuwa faranga na mara nyingi kuupunguza kidogo kwenye hesabu, ikijikinga na kuyumba kwa thamani.

Matukio ya Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 na benki za mji huo zikafungwa, yalionyesha udhaifu wa ushahidi uliohifadhiwa upande mmoja tu. Aliyekuwa na nakala za hati zake za mshahara nyumbani Mururu au Gihundwe aliendelea kuwa na historia ya kazi. Aliyetegemea kwamba tawi la Bukavu litamchapia taarifa siku atakapoihitaji alibaki mikono mitupu.

Walio mbali zaidi wana unafuu wa ajabu. Mzaliwa wa Rusizi anayefanya kazi Uingereza na kupoteza P60, cheti cha kodi cha mwaka, anaweza kuiona historia yake ya kodi katika akaunti yake ya mamlaka ya kodi, HMRC. Wa Marekani huomba mamlaka ya kodi ya huko, IRS, muhtasari wa matamko yake. Wa Kenya hupakua fomu ya P9 au huitafuta kwa mwajiri. Aliyeko Oman au Falme za Kiarabu hana kodi ya mshahara ya kuonyesha hata kidogo, lakini waajiri wa huko hulazimishwa kulipa kupitia mfumo wa ulinzi wa mishahara unaopita benki, hivyo taarifa ya benki inachukua nafasi ya cheti cha kodi bila mabishano.

Kikomo cha chini na cha juu

Mpango wa Gira Iwawe wa benki ya maendeleo BRD, uliofadhiliwa kupitia mradi wa Benki ya Dunia wa 2018, hutoa mikopo ya nyumba ya gharama nafuu kwa riba ya asilimia 11 hadi miaka 20. Riba za kawaida za benki za biashara zimezunguka asilimia 16 na 17, na kwa asilimia 17 kwa miaka 15 kila milioni hugharimu karibu 15,400 kwa mwezi, nusu tena juu ya ile ya mpango. Kwa hiyo mpango huu ndio kila mtu anaoutamani. Lakini unamlenga mwenye kipato cha kati na cha chini, na kipato kina kikomo cha juu. Asiye na rekodi hukwama pande zote mbili: hawezi kuthibitisha kwamba anapata cha kutosha, na hawezi kuthibitisha kwamba hapati kupita kiasi. Wanandoa wanaweza kuunganisha vipato, na pengine rekodi safi ya mke aliye mwalimu wa serikali hubeba faili ambalo mume mwenye duka asingeweza kulibeba. Kwa wasio na ajira rasmi, akiba ya EjoHeza iliyoanzishwa Desemba 2018 chini ya RSSB husaidia kwa njia mbili: inaonyesha uwekaji wa kila mwezi katika taasisi ya umma, na sheria yake inaruhusu, kwa masharti, sehemu ya akiba kuwa dhamana ya mkopo wa nyumba.

Kuna njia ya mkato inayouzwa mitaani: hati za mshahara za kuchonga, mhuri wa kampuni iliyokufa, barua ya shirika lisilojulikana. Sheria ya makosa ya jinai ya 2018 inaweka kwa kughushi na kwa kutumia hati ya kughushi kifungo cha miaka mitano hadi saba, na faini ya faranga milioni 3 hadi 5, au kimojawapo. Benki siku hizi hulinganisha hati na taarifa ya RSSB ambayo mwombaji mwenyewe huifungua mbele ya afisa, hivyo uongo wa aina hii hugundulika pale pale mezani.

Ombi likikataliwa, mwombaji ana haki ya kuuliza ni karatasi ipi iliyopungua, na jibu la "kipato hakijathibitishwa" ni tofauti kabisa na "kipato hakitoshi". La kwanza hutibiwa kwa miezi kadhaa ya kupitisha fedha mahali panapoonekana. La pili halitibiwi kwa karatasi. Wakati wa kusubiri, wengi huenda Umurenge SACCO, ambazo zilianzishwa zikiwa 416, moja kwa kila umurenge, zikiwemo 18 za Rusizi. SACCO inamjua mwanachama wake, inajua ushirika wake na msimu wake, na hukopesha kwa ushahidi ambao benki ya Kigali ingeurudisha. Mikopo yake ni midogo na muda wake ni mfupi, kwa hiyo nyumba hujengwa kwa awamu: msingi na kuta kwanza, kisha paa, kisha milango na saruji ya ndani. Kila awamu inayotumia kiwanja kama dhamana huandikishwa rehani na kufutwa upya, na gharama ya kuandikisha hulipwa kila mara, jambo ambalo mjenzi anapaswa kulihesabu kabla ya kununua tofali la kwanza.